Kiharusi, Mkwe Wangu na Mpini wa Jembe

Kama umeketi kwenye benchi la hospitali sasa hivi, na mkono wako mmoja umelala mapajani ukikataa kutumwa, haya ninakuandikia wewe. Kama aliyeketi ni mama yako au mumeo, na wewe ndiye uliyemshikia mkoba, soma pia, ila usimsomee kwa sauti ya msibani. Mimi nilipokuwa kwenye benchi hilo watu walinijia na sura za mazishi, nami nilitamani aje mmoja tu wa kunichekesha. Alichelewa kidogo, lakini alikuja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mkulima wa majani chai na ndizi upande wa Ekerenyo, Nyamira. Ni Msabato ninayelima majani chai na kuyanywa pia, ingawa kanisa letu halipendi chai, Mungu ananijua. Wenzangu hospitalini walikuwa wameangushwa na pikipiki, na walisimulia ajali zao kwa fahari kidogo. Mimi niligongwa na mkungu wa ndizi. Nilipoulizwa yangu, nilikuwa natazama dirishani kwa aibu.

Asiyelima ndizi huenda hajui kwamba mkungu mkubwa hukatwa na watu wawili. Mmoja analitia shina panga kidogo tu, upande mmoja, mgomba unaanza kuinama wenyewe polepole. Mwenzake anasimama chini na kuupokea mkungu begani. Mume wangu alipokuwa hai, yeye alikata, mimi nikapokea. Alipofariki nikawa nakata na kupokea mwenyewe, maana sipendi kuita watu. Asubuhi hiyo ya masika mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, migomba imejaa maji, nami nikakata kupita kiasi. Mgomba haukuinama, ulikatika. Mkungu ukanipata kichwani na shingoni, miguu ikateleza, nikapiga kisogo kwenye jiwe tunalonolea mapanga.

Wachumaji wa shamba jirani ndio walionikuta. Sikumbuki gari, sikumbuki barabara ya kwenda Kisii. Nakumbuka kuamka wodini nimenyolewa upande mmoja wa kichwa, fuvu limepata ufa, na binti yangu Moraa amelala amekaa, kichwa chake miguuni pangu. Nilikaa pale mpaka kizunguzungu kikapungua na daktari akasema nitarudi nyumbani. Moraa alinifungia nguo kwenye mfuko. Mimi nikawa nakunywa uji wangu wa mwisho wa hospitali, nimefurahi.

Kikombe kikaanguka. Sikukiangusha, mkono ndio ulioniacha. Nikamgeukia Moraa nimwambie samahani, mwanangu, nimechafua shuka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ndizi."

"Mama?"

"Ndizi," nikasema. "Ndizi, ndizi."

Hivyo ndivyo kiharusi kilivyonipata, siku ya kurudi nyumbani, uji ukiwa bado na joto kwenye magoti yangu. Baadaye nilielezwa kwamba pigo lile lilikuwa limeumiza mshipa wa damu shingoni, damu ikaganda pale, na kipande kikapanda kichwani. Zaidi ya hapo muulize daktari wako. Mimi najua ya kitandani.

Ya kitandani ni haya. Upande wote wa kulia ulikuwa mzito na mgeni. Nilikuwa nikiuona mguu wangu ukining'inia nje ya blanketi na kujiuliza ni wa nani. Chai iliingia mdomoni na kutoka pembeni. Haja ndogo haikuniomba ruhusa. Nami niliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka mingi nilibakiwa na neno moja tu. Kichwani mengine yote yalikuwemo, yamejipanga vizuri. Nikifungua mdomo linatoka lile moja. Kama unalo neno lako namna hiyo, usidhani umerukwa na akili. Mimi nilidhani hivyo, nikalia sana.

Halafu mchungaji wetu akaja kuniombea. Akaomba kwa nguvu, akaomba kwa machozi, na alipofika mwisho wodi nzima ikasema, "Amina." Mimi nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Ndizi!"

Moraa akacheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa leso, ikashindikana, akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Nami nikaanza, kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inafanya kazi. Muuguzi akaja mbio akidhani nimezidiwa. Siku hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa ya kwanza ya kupona, hata kama kwenye faili haimo.

Sasa ikaja shida yenyewe. Daktari alisema wazi kwamba miezi ya kwanza ndiyo ya kuupigania mguu, na kwamba lazima niwe karibu na kliniki ya mazoezi pale Kisii mjini. Nyumbani kwangu ni bondeni, njia ya kuteremka ni udongo mwekundu, na masika yale hata mbuzi walikuwa wakiteleza. Nikienda nyumbani bila mazoezi, nitalala. Na mimi nilichotaka duniani ni kimoja: kuishuka njia ile kwa miguu yangu na kuishi kwangu, si kubebwa nyumba hadi nyumba mpaka nife. Moraa na mumewe walikuwa wamepanga mjini, hatua chache kutoka kliniki. Mtu wa mbali atasema jibu si hilo hapo?

Mtu wa mbali hajui chinsoni. Ndiyo heshima yetu Wagusii ya kuoneana haya na wakwe. Mama mkwe hampi mkono mume wa binti yake, hakai karibu naye, na kulala chini ya paa lake ni jambo ambalo kwetu halitajwi. Vijana wengi siku hizi wanalegeza. Sisi wa umri wangu hatulegezi, na mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya mjukuu wangu namwita Baba Kerubo, ameshika haya hizo kuliko hata mimi. Tangu amwoe Moraa nilikuwa naijua zaidi sauti yake kuliko uso wake.

Kikao kikafanyika kwenye korido ya wodi, mimi nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Shemeji yangu, Mzee Nyakundi, kaka ya marehemu mume wangu, alikuja na kofia yake ya vikao.

"Hiyo haiwezekani," akasema. "Mama mkwe alale kwa mkwe? Watu watasema nini? Arudi nyumbani, Mungu yuko."

"Baba mkubwa, na mguu?" Moraa akamuuliza. "Mguu nao utasema nini?"

"Wewe mtoto usinijibu hivyo."

Moraa akanigeukia. "Mama, sema wewe. Tingisha kichwa tu. Utakuja kwangu?"

Nikatingisha kichwa kukataa. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilikuwa natamani kutembea kuliko chakula, lakini haya nilizolelewa nazo hazikukaa upande wa kulia, zilikuwa nzima kabisa. Moraa akalia kwa hasira. Baba Kerubo alikuwa amesimama mbali, karibu na ngazi, anatazama ukuta, kama inavyompasa.

Aliyetuokoa hakuwa mmoja wetu. Moraa alikuwa na jirani, Mama Zuhura, mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa mjini, ambaye babu yake ndiye aliyekuja Kisii na biashara hiyo. Alikuwa ameniletea uji wa pilipili manga na kusikiliza mpaka mwisho wa kikao.

"Mzee, samahani niingilie," akamwambia shemeji yangu. "Mimi nina chumba. Zuhura wangu ameolewa, kitanda kipo. Mlango wangu na wa Moraa inatazamana. Mwalimu akilala kwangu, amelala kwa mkwe?"

Mzee Nyakundi akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Hapo," akasema, "hapo sina neno."

Mimi nilikuwa nalo. "Ndizi," nikasema, na kila mtu akaelewa ni ndiyo.

Kwa Mama Zuhura nilikaa masika yote, nikakaa ile baridi ya katikati ya mwaka, nikakaa mpaka maparachichi yakajaa sokoni na kuisha. Tulipatana upesi, kwanza kwa sababu wote wawili hatuli nguruwe. Ijumaa ilikuwa yake, Jumamosi yangu, na jikoni hapakuwa na ugomvi ila wa pilipili. Alinisemesha kutwa nzima, hakungoja nijibu. "Sema chumvi. Haya, sema tu hata nusu." Neno la pili kunirudia lilikuwa Moraa. La tatu lilikuwa chumvi. Yakaanza kuja mawili matatu, Ekegusii na Kiswahili yamechanganyika, na Kiswahili kilichorudi kilikuwa cha Mama Zuhura, laini, cha kuvuta. Moraa alinitania kwamba nimeangukia Nyamira nikaamkia Mombasa.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa kicheko kila siku. Moraa alikuwa na mtoto anayenyonya na kazi ya saluni, na juu ya hayo alikuja kuniogesha asubuhi na jioni. Mtu kuogeshwa na mtoto aliyemwogesha ni jambo gumu, nami nililifanya gumu zaidi. Niliukaza mwili. Nilisukuma beseni. Siku moja akarusha sabuni ukutani.

"Mama, unafikiri napenda? Mimi pia nimechoka! Lakini ukinisukuma tena nitakuogesha ukiwa umelowa hivyo hivyo na nguo zako!"

Kisha akakaa chini kwenye maji ya sabuni, akalia. Nikauinua mkono wangu wa kushoto, nikamwekea kichwani. Nilitaka kumwambia nampenda na ninamwonea huruma. Nikaweza kusema, "Moraa. Chumvi." Akacheka kwa kamasi. Tangu siku hiyo sikumsukuma tena, na yeye alikuwa akiniogesha huku ananipa umbea wote wa saluni. Ukiwa wewe ndiye unayemwogesha mzazi wako, mpe umbea. Unasaidia kuliko pole.

Ikafika Ijumaa moja. Mama Zuhura alikuwa msikitini, Moraa saluni, nami niliambiwa nikae kwenye kiti na nisijaribu chochote. Nikajaribu. Nilitaka kufika mlangoni nione jua. Mguu wa kulia ukabaki nyuma, nikaenda chini, nikalala kwenye sakafu bila kuumia popote ila kwenye kiburi. Nikaita, "Moraa!"

Aliyesikia ni Baba Kerubo. Yeye ni fundi wa mbao, ana kibanda chake Mosocho ambako huchonga mipini ya majembe na kuiuza siku za soko. Alikuwa amepitia nyumbani kuchukua mzigo wake. Nikaona viatu vyake kizingitini. Vikasimama.

"Mama, umeumia?"

"La."

"Kuna mtu hapo ndani na wewe?"

"La."

Mimi sakafuni, gauni limepanda, navuta kitambaa cha meza nijifunike. Yeye mlangoni amegeuza uso kuelekea barabarani. Nikasikia anapumua kwa nguvu. Kumshika mkono mama mkwe wake hawezi, na kumwacha sakafuni hawezi pia. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Nilimpenda pia, nikiwa chini pale, kwa ile shida aliyoipata kwa ajili yangu.

Kisha viatu vikaondoka mbio, vikarudi. Kitu kikaingia mlangoni kikiburuzika sakafuni kuelekea kwangu. Ulikuwa mpini wa jembe, mpya, bado unanuka mti, umepigwa msasa hadi unateleza. Aliushika ncha moja, uso bado uko barabarani.

"Mama, shika hiyo. Shika kabisa na ile mkono iko sawa. Mimi navuta pole pole. Ukiwa tayari sema."

"Chumvi!" nikasema.

Akavuta. Nikapiga goti, nikaegemea kiti, nikasimama. Tukabaki tumeshika, yeye ncha yake, mimi ncha yangu, na mpini katikati yetu umenyooka kabisa. Akapiga hatua moja nyuma, akisubiri. Nikapiga moja mbele. Tukafika mlangoni, nikaliona jua langu. Sikuwa nimemgusa, wala yeye hakuwa amenigusa.

Mama Zuhura alipotoka msikitini alitukuta uani tunatembea namna hiyo, mkwe wangu anarudi kinyumenyume akitazama mawingu, mimi namfuata. Alikaa kwenye ngazi akapiga vigelegele peke yake.

Tangu hapo Baba Kerubo alinitembeza kila asubuhi kabla ya kwenda Mosocho. Alichonga vifundo ncha zote mbili ili mkono usiteleze. Kisha akanishauri, akiuambia ukuta, kwamba sasa nishike kwa mkono wa kulia. Haukuweza. Akaufunga kwenye mpini kwa leso ya Moraa, yaani Moraa ndiye aliyefunga, yeye akielekeza kwa mbali. Leso ikawa inafungwa kwa kulegezwa zaidi kila wiki. Mjukuu wangu Kerubo alianza kutembea miezi hiyo hiyo, akaja kutusumbua katikati akipita chini ya mpini. Alinishinda vibaya, yule mtoto.

Kliniki tulienda na mpini huo. Daktari wa mazoezi, binti mwembamba aliyeitwa Bosibori, aliutazama mpini, akamtazama mkwe wangu aliyesimama nje ya dirisha.

"Kwani huyu baba hawezi kumshika tu mkono?"

"Ni mkwe," Moraa akamwambia.

"Aa. Basi." Bosibori naye ni wa huku huku. Akautwaa mpini, akaupima kwa macho, akatufundisha namna bora ya kuutumia: mkwe wangu avute kidogo na kusukuma kidogo, mimi nikatae kusukumwa. Baada ya muda niliona wagonjwa wengine wawili na mipini yao. Baba Kerubo aliwachongea, na hao hata wakwe hawakuwa nao.

Benchi la kungojea pale kliniki ni refu, na mtu hungoja mpaka amjue kila jirani. Wangu alikuwa Mzee Onsongo wa Masimba, aliyeanguka kutoka juu ya lori la mabati. Yeye upande uliokufa ni wa kushoto, mimi wa kulia. Asubuhi moja watu wa kanisa fulani walikuja kuwaimbia wagonjwa, wakatuomba tupige makofi. Tukatazamana. Akatoa mkono wake wa kulia, mimi nikatoa wangu wa kushoto, tukapiga makofi yetu pamoja, paa, paa, paa, mpaka wimbo ukaisha. Tuliendelea hata waimbaji walipohamia wodi nyingine. Sijui kama nimewahi kufurahi vile kwenye harusi yoyote, hata yangu. Kama kliniki yako ina benchi, tafuta mwenye mkono unaokosa wewe.

Mvua za vuli zilipoanza kupungua, leso ilikuwa imeondolewa. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa vinashika mpini vyenyewe, si kwa nguvu, lakini vinashika. Nikamwambia Moraa sentensi nzima, ya kwanza isiyovunjika: "Nataka kwenda kwangu."

Shule zilipofunga tukaenda. Mama Zuhura alinifungia kitambaa kipya kiunoni na kulia mlangoni, akisema chumba ni changu hadi Kiyama. Gari likatushusha barabarani, pale njia ya kwangu inapoanza kuteremka. Majirani walikuwa wamejaa, na mbele yao Mzee Nyakundi na kofia yake. Vijana wakaja na kiti ili wanibebe. Nikawaambia warudishe kiti.

Baba Kerubo akashika ncha yake, mimi yangu, kwa mkono wa kulia. Akatangulia, safari hii akitazama mbele, maana njia ni mbaya. Mzee Nyakundi akatusimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mpini, mzee. Ya jembe."

"Na jembe iko wapi?"

"Jembe ni mimi," nikamwambia. Bonde zima likacheka, naye akacheka mpaka kofia ikaanguka, na hakuna aliyeniuliza tena kama nitaweza. Tuliteremka pole pole. Nilipumzika kwenye kisiki, nikapumzika tena kwenye mpaka wa majani chai, nikaingia nyumbani kwangu kwa miguu yangu miwili, mmoja ukiburuzika kidogo, nikakaa kwenye kiti changu.

Mguu huo unaburuzika hata leo. Majani chai nachuma kwa mkono mmoja na nusu, na kikapu hujaa kikichelewa. Wewe pia kuna kitu ambacho huenda hakitarudi, na siku ya kukililia ipo, kililie. Lakini nikueleze la jioni ile, kisha nikuache.

Baada ya chai nilitoka kwenda nyuma ya nyumba. Migomba ilikuwa imestawi bila mimi, na mmoja ulikuwa na mkungu uliokomaa, unaning'inia palepale karibu na lile jiwe. Nikaomba panga. Moraa akaruka.

"Mama! Ndizi ndiyo iliyokupeleka kote huko!"

"Lete panga," nikasema. "Na umwite Baba Kerubo."

Akaja, akasimama mbali kama kawaida yake. Sikumweleza kitu. Yeye ni mtoto wa Mgusii, alilitazama panga, akautazama mkungu, akavua koti. Akaingia chini ya mgomba na kuweka bega, uso ameugeuzia upande wa majani chai. Nami nikashika panga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiusaidia. Nikakata kidogo. Nikangoja. Nikakata kidogo tena, nikauacha.

Mgomba ukainama. Uliinama taratibu mpaka mkungu ukamfikia begani, akaupokea, magoti yakakunjika kidogo kwa uzito, akasimama imara. Moraa alikuwa ameziba macho.

"Mama," akasema Baba Kerubo kutoka chini ya majani, "nimeshika. Niambie, niipeleke wapi na ni ya kufanya nini?"

Maneno yangu yote yalikuwa yamesharudi wakati huo, ya shule na ya nyumbani, ningeweza kumpa hotuba. Nikachagua moja, lile lile la siku kikombe kilipoanguka, na mara hii nililisema kwa kupenda.

"Ndizi," nikamwambia, nikaonyesha jikoni.